Kilomita Elfu Kumi na Nne Tu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa njia ya mlimani! Msimamizi ameniita asubuhi, kabla hatujagawana vitabu. Miaka kumi na moja nasoma mita za maji za watu kwa miguu, geti kwa geti, mbwa kwa mbwa, na leo ndiyo amekumbuka kwamba nina magoti. Sharti ni moja: Jumatatu ijayo nifike na pikipiki yangu mwenyewe. Nisipokuwa nayo, njia anapewa yule bwana wa dawati la dirishani, ambaye anayo tayari na ameshaanza kutabasamu.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, ndiye fundi wa mita pale karakana kwetu. Ameniambia kuna yadi ya pikipiki za mtumba kutoka ng'ambo, nyuma ya stendi ya malori. Nikifika niseme nimetumwa na yeye. Mungu ambariki.

Baba amesema nisilipe kabla hajaishika. Amekuwa fundi pikipiki miaka arobaini, lakini sasa macho yamemwisha, anaona vivuli tu. Nimemwitikia ndiyo, Baba. Ila kimoyomoyo — ataishika, ataonaje?

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua! Nyekundu!

Mwenye yadi anavaa miwani ya jua hata ndani ya ofisi, nimembatiza Bosi Miwani. Maneno mengi, asali tupu. Mimi simwamini muuzaji, naamini mita. Nikainama kwenye dashibodi nikaisoma kama ninavyosoma za watu. Kilomita 14,207. Kioo hakina mkwaruzo. Namba zimekaa kwenye mstari mmoja. Mita iliyochezewa namba zake hukaa upande upande, moja imepanda, nyingine imeshuka — Shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo mwaka wangu wa kwanza kazini. Hizi zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Bosi Miwani akasema, ama kweli mama unaijua kazi. Nikavimba kichwa. Nikalipa.

Baba sikumpitia. Kulikuwa na mteja mwingine anaizungukazunguka hiyo hiyo nyekundu, nikaogopa.

Jioni mdogo wangu na mumewe wamekuja kunipongeza. Mdogo wangu, na tumbo lake lile la miezi saba, amepanda na kupiga honi kama tuko harusini. Shemeji ameitazama dashibodi. Amekunja uso kidogo. Akasema hongera shemeji, chombo bado kipya hiki. Chai hakutaka, eti tumbo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingizwa mkenge.

Nilimwendea Baba nikijidai. Nikamshikisha mipini. Akauliza, kwa nini raba za mkononi ni mpya? Akachuchumaa, mkono wake ukashuka kama anatafuta sindano. Raba ya kukanyagia mguu wa kulia imelika mpaka chuma. Pedeli ya breki imesuguliwa ikawa laini kama kijiko. Akapitisha kidole kwenye meno ya sproketi inayovuta mnyororo — makali kama msumeno. Kwenye diski ya breki kidole kikakwama ukingoni, pale ambapo chuma kimeisha kikaacha ngazi. Akaniambia niiwashe. Akasikiliza, akanusa moshi.

"Mwanangu, hii imezidi sitini elfu. Imechoka kuliko mimi. Inakula oili. Huko mlimani itakufia."

Nikamjibu vibaya. Nikasema Baba, wewe huoni.

Akasema, "Naam, sioni. Wewe unayeona umeona nini?"

Nimerudi nyumbani nikiwaka. Nikafungua siti kwa hasira, nimthibitishie kwamba amekosea. Chini yake kuna stika ya karakana ya huko ilikotoka. Maandishi siyajui, lakini namba ni namba. Oili ilibadilishwa miaka mitatu iliyopita, kilomita 61,480.

Elfu sitini na moja! Na mimi nimesoma kumi na nne! Mimi! Ninayewaandikia watu fomu kwa kuchezea mita! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililikagua mwenyewe, nikalisifu na ushonaji wake.

Ijumaa, 7 Machi

Yadi. Bosi Miwani hakusimama hata kunisalimu. Kasema siti hiyo ilitoka pikipiki nyingine, kwa hiyo stika si ya chombo changu. Na raba iliyolika? Eti watu wa huko ng'ambo huvaa viatu vizito. Na sproketi? Eti mama, wewe ni fundi sasa? Kisha akanipiga pale pale panapouma: "Si uliisoma mwenyewe?"

Nilitamani kuivunja ile miwani ikiwa usoni pake. Wateja wawili walikuwa wanasikiliza na wanacheka. Nikaondoka kabla sijalia, maana mimi nikikasirika sana nalia, na watu hudhani ni huzuni.

Kazini Msimamizi ameuliza kama niko tayari kwa Jumatatu. Nimesema tayari kabisa. Yule wa dirishani ameinua macho.

Nimefika nyumbani nikalipiga teke gurudumu. Kidole gumba kimevimba. Haya, na hilo nalo!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeazima bisibisi ya Baba. Hajauliza ya nini. Sijamwomba radhi bado.

Nilitaka kujua wamefanyaje. Mita inanidanganyaje mimi? Nimeing'oa dashibodi nzima, nikaigeuza juu ya kanga mezani. Nyuma kuna skrubu nne. Tatu ziko uchi. Ya nne ina tone la rangi ya kucha. Buluu, yenye chengachenga za fedha. Nusu ya tone iko juu ya skrubu, nusu juu ya plastiki.

Nimekaa chini.

Pale karakana kwetu, kila mita inayofunguliwa ikatengenezwa, Shemeji huweka tone moja kwenye skrubu ya mwisho, nusu huku nusu kule. Mtu akiifungua baada yake, tone linapasuka, naye anajua. Ofisi haijamtuma kufanya hivyo. Ni utaratibu wake mwenyewe, anajivunia. Na rangi ni ya mdogo wangu. Nilikuwepo jikoni kwao siku alipomwomba kichupa, tukacheka, tukamuuliza kama anajipaka vidole vya miguu.

Mwizi mwenye nidhamu! Amerudisha nyuma kilomita za watu, na bado hakuweza kuiacha kazi bila kuifunga vizuri. Namba zimenyooka — zisinyooke kwa nini? Nani mwingine anajua kuzinyoosha vile? Nimekagua kazi ya mwalimu wangu kwa kipimo alichonipa yeye.

Nimejaribu kumtetea. Labda amefungua dashibodi ishirini za yule tapeli, labda hakujua ipi ni ipi. Labda alinituma kule kwa tabia tu. Sawa. Lakini Jumatano aliitazama. Alijua! Alikunja uso, akasema hongera, akakataa chai yangu. Angesema neno moja tu, jioni ile ile, ningerudi yadi kabla wino wa risiti haujakauka. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hii ndiyo nimeifua na kuipiga pasi miaka minane, tangu amwoe mdogo wangu.

Skrubu ya nne sijaigusa. Tone liko zima.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa Baba. Nimesema nisamehe. Amesema lete nikupunguzie moshi angalau, utapanda mlima taratibu, nusu ya njia uitembee. Sijamwambia kuhusu rangi. Anampenda yule kijana kama mwanawe wa kumzaa.

Nina kitabu cha fomu hapa nyumbani, zile za mita iliyochezewa. Najua ni za maji. Najua hakuna ofisi itakayoipokea ya pikipiki. Lakini nimeijaza, sijui njia nyingine ya kukasirika kwa utulivu. Usomaji: 14,207. Usomaji halisi: zaidi ya 61,480. Dalili: nimeandika mpaka pembeni. Anayeshukiwa: hapo nimepaacha peupe.

Fomu hii akiiona Msimamizi, hata kama si ya maji, atauliza fundi wetu amefungua mita ngapi nyingine kwa namna hiyo. Na mtoto wa tatu yuko njiani. Na nisipompa mtu yeyote, kesho saa moja nitapanda mlima kwenye uongo wake nikitabasamu.

Wamekuja. Namsikia mdogo wangu getini, anacheka peke yake. "Dada! Fumba macho kwanza! Tumekuletea kitu!" Nimechungulia. Ameshika helmeti. Nyekundu, rangi ile ile ya pikipiki. Imefungwa utepe.

Mumewe hajafika mlangoni. Amesimama kwenye pikipiki. Anatazama pale palipokuwa na dashibodi, nyaya zinaning'inia. Sasa amegeuka, ameniona dirishani. Anatikisa kichwa, polepole — usimwambie. Ananiomba mimi!

Mdogo wangu anabisha hodi tena. Anauliza kama nimelala.

Nimeiweka mita katikati ya meza, skrubu juu, tone la buluu likionekana, karibu na vikombe. Vikombe vitatu.

Nimesema, "Mlango uko wazi."