Kwa Nini Tulijenga Juu, Mbali na Maji

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Makote tu wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza, kwa ajili ya utafiti wako wa chuo, kwa nini wazee walijenga huku juu kusiko na maji. Nami nilimuuliza hivyo bibi yangu, siku tuliyotoka kuteka maji bondeni, shingo ikiniuma kwa mtungi. Akanionyesha mtu akipanda mlima, mdogo kama siafu.

“Huku juu anayekuja tunamwona mapema. Akiwa adui, tunakimbilia porini. Akiwa mgeni, tunasonga ugali.”

Tukasonga ugali. Mgeni akala, kisha akanywa karibu mtungi wangu wote. Nilikasirika mno!

Ndiye babu yako. Anakusalimu.

Bibi yako