Ugoro wa Kichwa

Ipogolo, Iringa
3 Machi 1975

Kwako mayu,

Shikamoo mama. Hali yako na mvua za huko? Ng'ombe wamepona miguu? Sisi huku wazima. Mkweo Selestini bado anaziba matairi ya malori hapa barabarani, na mikono yake siku hizi haitakati hata kwa sabuni.

Mimi pia mzima, ila kichwa. Naamka nacho, nalala nacho, na moshi wa malori unanichefua kuliko zamani. Aspirini nimemeza mpaka nimezichoka. Naomba unisagie ugoro wako wa kichwa, ule unaotia mzizi. Kopo dogo tu. Mpe Yotamu, utingo wa lori la mchele, huwa wanasimama hapa kwetu.

Msalimie shemeji Magesa anayekusomea. Shemeji, shikamoo, na usome yote, usiruke.

Mwanao,
Leokadia


Rujewa, Usangu
21 Machi 1975

Kwako mwanangu Leokadia,

Marahaba. Mimi sijambo, goti tu linanisumbua. Ng'ombe wamepona, mmoja tulimpoteza kwenye tope.

Ugoro nimeusaga uwanjani, nimepiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Nimemwaga kidogo chini kwa ajili ya babu zako, nawe ukifungua kopo umwage kidogo kabla ya kunusa. Sasa sikiliza. Huu si ugoro wa wazee wa kupigia soga. Chukua unaokaa juu ya ukucha wa kidole kidogo, basi. Uwe umekula. Ukipiga chafya umetosha, usirudie siku hiyo. Ukiona damu puani, acha. Mtoto asiuguse kabisa. Yako mengine ningekuambia, lakini hayo si ya kuandikiwa na mtu.

Mama yako,
Ngolo

Mimi mwandishi, Magesa, nakusalimu shemeji. Mdogo wangu anazeeka huko na matairi yake, nyumba kimya. Wazee huku wameanza kuuliza, na mabinti wa kumtazamia hawakosekani. Natania tu.


Ipogolo
19 Aprili 1975

Kwako mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Likande kwa maji ya chumvi.

Kopo lilifika. Mama, asante! Nanusa kila asubuhi baada ya uji, napiga chafya zangu, na kichwa kinatulia mpaka mchana. Selestini ananicheka, anasema kumbe alioa kikongwe. Umebaki nusu, utanisagia mwingine.

Jambo dogo jingine. Yotamu akipita, mpe kipande cha udongo wa kichuguu, ule mwekundu wa nyuma ya zizi. Wa hapa sokoni Mlandege una mchanga, unakwaruza meno. Ni hamu tu imenijia.

Shemeji Magesa, asante kwa salamu na utani wako.

Mwanao,
Leokadia


Rujewa
4 Mei 1975

Kwako Leokadia,

Marahaba. Mimi mzima.

Acha ugoro. Usinuse tena hata kidogo. Uliobaki ufukie. Kichwa kikiuma, nenda hospitali. Udongo nitautuma. Nimesema acha, mwanangu, usiniulize sababu.

Mama yako,
Ngolo

Nami Magesa naongeza. Mwanamke kijana kunusa ugoro mbele ya watu barabarani ni aibu kwa ukoo wetu. Nimefurahi mama naye ameliona hilo.


Rujewa
29 Juni 1975

Leokadia ng'wanone, mwanangu,

Hujambo? Hujajibu barua yangu. Sijui kama uliacha.

Hii naandika mimi. Hakuna mtu mwingine. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa nakaa nyuma na kusinzia. Baada ya barua yako ya udongo nilihamia mbele. Mwalimu akashangaa. Sikumwambia kwa nini.

Ugoro wenye mzizi hapewi mwenye mimba. Unachemsha damu na mtoto anatoka. Ndiyo sababu.

Magesa ni mkwe wangu. Nitamtajiaje mambo ya tumbo la mwanangu? Ulimi ulikataa. Nawe najua hukusema kwa sababu yeye ndiye anasoma. Wale wawili wa kwanza uliwatangaza mapema wakatoka tumboni, na sasa ndugu za mumeo wanaongea habari za mke mwingine. Mimi ningenyamaza pia.

Kama uliacha Mei, bado nina matumaini. Nijibu. Andika herufi kubwa nisome mwenyewe.

Udongo nimekuchimbia. Uko kwenye kikapu mlangoni.

Mama yako
Ngolo


Ipogolo
8 Julai 1975

Mayu,

Shikamoo. Barua hii siipeleki posta. Naiandika initoke, halafu inaingia motoni.

Barua yako imenikuta kitandani. Mwandiko sikuutambua, nikadhani ni wa mtoto wa shule. Nilipofika kwenye mzizi nikaigeuza chini.

Sikuacha mama. Ulisema niache na hukusema kwa nini, na wewe tangu niko mdogo hukunikataza kitu bila kunipa sababu. Halafu chini yake Magesa na aibu ya ukoo wake. Nikasema haya ni maneno ya Magesa, amemtia mama mdomoni. Nikanusa kwa hasira. Siku nyingine nilinusa mara mbili. Damu ilinitoka puani, nikaacha kidogo, kichwa kikanizidi, nikarudia. Miguu ikavimba. Hospitali nesi aliniambia damu imepanda sana, akaliona kopo kwenye khanga, akaniuliza nanusa nini. Mtoto alikuwa ametoka tayari. Wa kiume, amekamilika mpaka kucha. Selestini alimzika bila kuniambia wapi.

Nimekumbuka sasa. Ulipokuwa unasaga, ulikuwa ukimfukuza shangazi uwanjani na tumbo lake kubwa. Mimi nilidhani mmegombana. Baadaye nikaenda shule ya misheni, sikuwahi kukuuliza.

Daktari amesema nisitegemee kuzaa tena. Magesa ameshamwandikia Selestini habari za mke mwingine. Selestini ameiweka barua mfukoni na hanitazami usoni.

Nina uchungu, mama. Nakuonea hasira na sitaki uijue. Ukijua kwamba ulichelewa utakufa.

Leokadia


IPOGOLO
9 JULAI 1975

MAMA,

SHIKAMOO. BARUA YAKO NIMEISOMA. UMEANDIKA VIZURI SANA. SELESTINI ANAKUSALIMU.

UGORO NILIACHA MEI, SIKU ILE ILE ULIPOSEMA. NILIUFUKIA.

MTOTO ALIONDOKA TU, KAMA WALE WAWILI. SI WEWE. SI MZIZI.

ENDELEA NA KISOMO. USIRUDI KUKAA NYUMA.

UDONGO USITUME.

MWANAO
LEOKADIA