Mashati ya Lamont

Greenwood, Mississippi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Verdine,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako, mzima wa kila kitu isipokuwa goti. Baridi ya Detroit inakutendaje? Shemeji kikohozi kimemwacha? Sisi huku tunaendelea vizuri, na kwenye chakula cha kanisa keki yangu ya siagi ndiyo iliyokwisha ya kwanza. Ya Bi Hattie ilirudi kwake nzima.

Binti yangu Jerusha naye hajambo. Nilikuambia kwamba sasa ndiye muuguzi mkuu wa wodi? Kama nilikuambia, si vibaya ukasikia tena. Lakini tangu tumzike kaka yake Lamont, alikuwa akirudi kutoka kazini anakaa ndani ya gari mbele ya nyumba nusu saa, injini imezimwa. Nikimuuliza, ananijibu amechoka tu.

Halafu mwezi wa tatu akaanza kupotea kila Alhamisi jioni. Akaniambia anakwenda kwa Bi Tolliver, mtaalamu wa ushauri, kwenye kikundi cha wanawake. Nikauliza wanafanya nini huko. Akasema wanazungumza. Wanazungumza! Nyumbani ana mama, kanisani ana mchungaji, kwa mgeni anatafuta nini? Nikajua lipo jambo.

Na nikaliona. Nilifungua sanduku la nguo za Lamont, zile ambazo sijazifua, nikakuta shati lake la kiwandani halipo. Wiki iliyofuata likatoweka lile jekundu la miraba. Unakumbuka bibi alivyokuwa akichoma nywele za kwenye kitana, zisiokotwe na watu wa dawa? Sembuse nguo ya marehemu, na jasho lake bado limo! Nikasema huyo Tolliver ni mganga, ameniteka mtoto.

Alhamisi nikaoka keki, kwa sababu mwanamke aliyebeba keki haulizwi amefuata nini, nikamwandama Jerusha. Nimechuchumaa chini ya dirisha na goti langu hili, Bi Tolliver akafungua mlango, akaniuliza kama keki inaingia ndani au imekuja kupunga upepo na mimi.

Ndani kulikuwa na wanawake saba kuzunguka meza, na mwanangu ameshika mkasi, analikata lile shati jekundu. Verdine, nilipiga kelele! Nikamwita yule mama mchawi mbele ya wote. Jerusha ndiye aliyesimama, akasema wanashona mablanketi ya viraka kwa nguo za watu wao waliokufa, na mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Kisha akasema, "Mama, msibani ulinifinya mkono, ukaniambia nisilie, watu wanatutazama. Miaka miwili sijalia. Hapa nalia."

Nikakaa. Mtu akanipa kiraka. Na nikasema ambalo hata wewe sijakuambia.

Wote nimewaambia Lamont hakuwahi kuniaga. Asubuhi ile alinipigia simu. Nilikuwa saluni, nawasimulia wanawake alivyopandishwa cheo kwenye kiwanda cha kambare, na hadithi ilikuwa imefika patamu. Nikaona jina lake, nikaiacha simu iite mpaka ikakata. Haikupita saa, lori lake likapinduka. Nilikuwa najisifia mwanangu, Verdine, na mwanangu ananiita.

Jerusha alivuta kiti chake kikagusana na changu, akanitungia uzi kwenye sindano, kwa sababu mimi nilikuwa sioni.

Sasa Alhamisi tunakwenda wote, kwa gari lake, na tukirudi anazima injini na kushuka papo hapo. Mishono yangu ndiyo iliyonyooka kuliko yote, Bi Tolliver mwenyewe amekiri.

Kwenye blanketi la Lamont imebaki pembe moja haina kiraka. Lile koti alilolisahau kwako Krismasi yake ya mwisho, nitumie. Tafadhali usilifue.

Mkumbatie shemeji kwa niaba yangu, na watoto wote mmoja mmoja.

Dada yako akupendaye,
Ozella