Redio Ilisema Hakuna Aliyekufa

Jumatano usiku, Riruta

Mkono bado unauma. Sijawahi kumpiga mtu namna ile, na sijui kama najuta.

Tangu homa hii ya mafua iingie Nairobi, hoteli yangu hujaa jioni. Si chai wanayofuata. Wanafuata redio, wasikie leo wamelazwa wangapi na wamekufa wangapi. Leo mtangazaji alisema hakuna aliyekufa. Watu wakacheka kwa raha, mmoja akaagiza mandazi.

Wekesa, fundi wa mawe anayekaa Kabiria, akasimama na nyundo yake. Nilidhani anaenda nyumbani. Akaiponda redio mpaka matumbo yake yakamwagika mezani.

Redio hiyo niliinunua kwa jasho la miaka. Nikamrukia, nikamtandika na mwiko wa ugali kichwani, usoni, mpaka damu ikarukia kwenye sukari. Hakuinua mkono.

"Piga tu, Mama," akasema. "Lakini asubuhi nimemzika mama watoto. Hao wanahesabu watu wa hospitali peke yake. Bibi yangu amefia kitandani kwetu, kwa hivyo hakufa?"

Ndipo nikaona udongo mwekundu kwenye viatu vyake.

Sikumwomba msamaha. Hasira ilikuwa bado haijanitoka. Lakini mzee wa duka la jirani, ambaye kila siku huchelewa kupata habari, alichungulia mlangoni akauliza leo wamekufa wangapi.

Mwiko ukiwa bado mkononi, nikamjibu, "Mmoja."