Kafuri Iliyoruka

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Kopo la kafuri la zahanati tupu! Limebaki harufu tu. Kifuniko kimepinda tangu Julai, nilisema, nani alinisikia? Na tapentaini ya kuchulia imekuwa gundi ya manjano, inanata vidoleni, inanuka uvundo. Nimenawa mara tatu. Bado.

Saa nne akaja Bwana Tamimu wa dukani. Mamake amefariki alfajiri, anaomba kafuri ya kumwoshea. Nikamwonyesha kopo. Akalitazama, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 4 Septemba
Mamake Tamimu kazikwa bila kafuri. Mji mzima unajua ni mimi, Kefa dresa, mfunga vidonda. Bwana Alute, mkuu wetu wa zahanati, kaniita mbele ya wagonjwa. Eti kafuri nimeiuza, tapentaini nimeichanganya na utomvu wa miti. Nikasema mzee, kafuri inaruka yenyewe. Akauliza ina mabawa? Wakacheka wote, hata mwenye jipu! Mkaguzi, Mzungu wa bomani, anakuja Jumatatu. Akimwamini Alute, kazi sina, na jina langu ni mwizi wa vitu vya maiti.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimefukua daftari la mafunzo ya Dodoma. Mwalimu alituchorea tapentaini: chembe yake ina pete mbili, moja ya pembe nne tu, imekunjwa kwa nguvu. Ufito ukiukunja kupita kiasi hautulii, unatafuta pa kufyatukia. Joto na hewa vikiingia, pete inafunguka, inashikana na hewa — gundi. Kafuri umbo lake ni kizimba kilichokazwa kila upande. Haivunjiki. Inaondoka nzima kama mvuke, na itakapotua ni kafuri ile ile.

Nikamsomea Alute. Akasikia neno moja. Kaongeza kwenye ripoti yake ya wizi, nimeiona kwa macho yangu: "Pete mbili pia hazionekani." Pete! Ripoti imeshakwenda bomani.

Ijumaa, 7 Septemba
Nesi Luciana kanipa kipande cha kafuri kutoka sanduku lake la nguo. Tumekiweka kwenye kisahani ndani ya kabati la kioo, tuone kama kitaruka. Alute kafunga, ufunguo anao yeye mwenyewe. Huku anacheka. Sawa, acheke.

Jumatatu, 10 Septemba
Kisahani kitupu! Na juu, kwenye kioo kwa ndani, kumeota chembe nyeupe, zinang'aa. Kafuri! Luciana yuko Mungaa kuzalisha, hayupo wa kuona. Nikampigia kelele Alute aje. Mjinga mimi.

Alikuja. Akafungua, akanusa, akatazama kwa muda mrefu. Nikamwona ameelewa. Kisha akatoa leso akapangusa kioo chote. Kabati chafu, kasema, wageni wanakuja. Leso akaitia mfukoni.

Mtu mzima! Mwenye wajukuu! Shikamoo yangu ya kila asubuhi natamani niiteme. Tapentaini iliyooza ina nafuu, yenyewe haikuchagua.

Naandika chumba cha dawa. Gari la mkaguzi limezima nje. Alute anavuta suruali, anaweka kofia sawa, ananuka kama mtu aliyetoka kuosha maiti. Nitamwambiaje Mzungu anuse mfuko wa mkuu wangu? Na nisiposema?

Mkaguzi ameingia. Hajakaa hata. Namsikia anauliza, hii harufu ya kafuri inatoka wapi?

Alute anafunika mfuko wa leso kwa kiganja. Naweka kalamu —