Pole Kumi na Saba

Mjomba,

Shikamoo. Ni Jumamosi asubuhi, maji yanajaa, nipo Chole, nimekaa uani kwako. Nimeandika siku na hali ya maji kabla ya neno jingine lolote, na najua ungekuwepo ungeshaanza: "Karani, mbona hujaandika na kuku wangapi wamepita?" Wamepita watatu. Mmoja ni yule wako asiye na mkia. Bado yupo. Mkeo, Bi Mwajuma, amekataa katakata achinjwe.

Nina habari. Ningeweza kukwambia kwa mdomo kaburini, lakini unanijua, jambo nisiloliandika naliona kama halijatokea. Kampuni imekubali, Mjomba. Bi Lisbeti atapewa fidia ya mguu wake. Na barua yao ya mwisho, pale palipoandikwa kosa ni la nani, haina jina lako. Nimeisoma mara nne nikilitafuta. Halimo.

Acha nianze mwanzo, maana uliondoka na nusu ya habari, na nusu yenyewe ilikuwa ile mbaya.

Daftari langu linasema ilikuwa Jumatatu ulipoingia stoo kwangu, hotelini Utende, suruali inachuruzika maji mpaka nikakufukuza usinilowanishie magunia ya mchele. Ulisema ngazi ya gatini, ile ya mbao ya kushukia botini, ina kidato kibovu, cha tatu kutoka chini. Nikakwambia kamwambie meneja. Ukasema umeshamwambia, na amejibu fundi atakuja wiki ijayo. "Basi andika wewe," ukasema. "Mimi shuleni sikufika kidato cha tatu, lakini hiki kimeoza nakijua." Ukaicheka mwenyewe mpaka ukakohoa. Nikaandika.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo boti ya hoteli ilikuwa na kazi nyingine, wakakuita wewe na boti yako umchukue Bi Lisbeti kwenda kutembea Chole. Mholanzi, mwalimu mstaafu, safari yake yote kainunua kwa kampuni ya kwao: ndege, kulala, kula, boti. Mimi nilikuwa juu ya gati na kapu la chakula chake. Uliushika mkono wake, ukamwonyesha kwa kidole kile kidato, ukamwambia aruke, "noo, noo, hiki noo." Alikuelewa, akaruka. Lakini alipoyumba, mguu ulirudi nyuma kutafuta pa kukanyaga, ukakikuta hichohicho. Kikaachia. Akaangukia kati ya ngazi na boti, na mawimbi yakaanza kuirudisha boti juu yake.

Sikuwahi kukwambia nilichokiona. Nilimwona mtu wa miaka sitini na ushei akiruka majini na nguo zake, akaweka mgongo wake kati ya mwanamke asiyemjua na boti yenye mashine, na boti ikampiga mgongoni, na ikampiga tena, asiondoke. Na muda wote ule ulikuwa unasema naye. "Sori, mama. Sori, sori sana. Sori, mama yangu." Mpaka tulipomtoa ulikuwa unasema.

Mguu ulivunjika juu ya goti. Alipelekwa hospitali ya Kilindoni, kisha Dar, kisha kwao. Wewe ulilala kifudifudi siku tano, Bi Mwajuma anakukanda, na kila aliyekuja ulimuuliza habari za mguu wa mzungu.

Kumbe mgeni mmoja alikuwa anapiga video kwa simu.

Ile barua ilikuja baada ya miezi saba. Bi Lisbeti alidai fidia kwa kampuni iliyomuuzia safari, kama sheria ya kwao inavyomruhusu. Kampuni ikajibu kwamba haihusiki. Kosa ni la mwenye boti, mtu wa pwani, si mfanyakazi wao wala wa hoteli, na mwenyewe alikiri palepale. Wameisikiliza video. Amekiri mara kumi na saba. Wakili wa Bi Lisbeti akaituma nakala hotelini, akiuliza kama yupo aliyeona tukio. Meneja akanipa nikusomee.

Nilikusomea kwenye benchi la nyuma ya jiko. Nikasema, "Mjomba, wanasema uliomba samahani mara kumi na saba."

Ulinitazama kama niliyekusomea barua ya mtu mwingine. "Samahani ya nini? Kwani nilimsukuma? Mimi nilimpa pole."

Na mimi, mwenye cheti changu cha kidato cha nne, nikakujibu: "Kwa Kiingereza ni hilohilo, Mjomba."

Hukubishana. Ulisema tu, "Ah. Basi Kiingereza kimeniponza," ukaondoka na chai hujaigusa. Nikaingia stoo, nikaandika yote kama yalivyosemwa, yako na yangu, nikafunga daftari. Niliandika, Mjomba. Sikusikia.

Toka siku ile uliacha kutoa pole. Mwanzo sikung'amua. Bi Mwajuma ndiye aliyenishitakia: "Mjomba wako siku hizi ana kiburi. Nafika na mzigo wa kuni kichwani, anaupokea, anautua, hanipi hata pole." Gatini wenzako walikutania, "Makame, tugaie pole moja, umebakiwa nazo ngapi?" Ulicheka nao wiki ya kwanza. Baadaye ukawa unapita njia ya nyuma. Hoteli nayo haikukuita tena. Nilipougua jino, shavu limevimba kama andazi, ulikuja kuniona ukakaa robo saa nzima bila neno. Ulipoinuka ukasema, "Nilitaka kusema kitu, lakini wataandika." Nilicheka. Nilidhani unanitania mimi na daftari langu.

Kisha moyo ukakusumbua, ukalazwa Kilindoni, na Ijumaa ya pili ukatutoka.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa nyumbani kwako siku hiyo. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu. Kila aliyeingia aliniinamia: pole. Pole sana. Poleni na msiba. Mama wa rafiki yangu alitoka Bweni, na ile barabara unaijua, akafika amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akanishika mabega: "Pole, mwanangu, pole, pole." Hakukujua wewe. Hakuwahi hata kupanda boti yako. Nikawa namtazama na kujiuliza, huyu naye anakiri nini? Ndipo nikaanza kuzihesabu. Nilifika kumi na saba hujatolewa ndani. Nilitaka kusimama nipige kelele. Chole nzima ilikuwa inakiri kosa la kifo chako, na hakuna hata mmoja aliyekukosea zaidi yangu.

Wakakuombea Mwenyezi Mungu akujaalie kauli thabiti. Nikaitikia amina, na huku nawaza, kauli ya mtu huyu ilikuwa thabiti tangu alipokuwa majini. Mimi ndiye niliyeiyumbisha kwa tafsiri.

Baada ya hitima nilirudi Utende, nikafungua daftari. Ilikuwepo, kwa mkono wangu mwenyewe: "Mjomba amesema: mimi nilimpa pole." Jibu lote. Ulishalitoa siku ileile, bila wakili, na chai mbele yako.

Nikamwandikia wakili wa Bi Lisbeti kurasa mbili. Nilimweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, hata kama ulikuwa ng'ambo ya barabara. Ukimkuta analima, pole. Ametoka safari, pole. Amefiwa, pole. Neno halisemi nani kakosea. Linasema nimeona kilichokupata na hukupatwa peke yako. Nikaeleza kwamba mtu wetu akisema na mgeni hutafuta neno la kigeni la kutia pole yake ndani, na alilopewa ni hilo moja tu, sori, ambalo wao wanatilia samahani. Nikaeleza na msiba, na zile kumi na saba nilizohesabu. Mwisho nikanakili ukurasa wa Jumatatu, wa kile kidato.

Kabla ya kutuma nilimpelekea meneja. Niliona haki ni hiyo, na nilikuwa tayari kurudi Chole kulima mwani. Alisoma, akavua miwani, akauliza, "Hadia, hili daftari ni la hoteli au lako?" Nikasema langu. Akasema, "Basi mimi sina la kulizuia. Na ni kweli aliniambia." Akaandika sentensi hiyo chini ya ukurasa, akatia sahihi. Si mtu mbaya, Mjomba. Alichelewa na fundi.

Ukaja mchezo mmoja ambao ungeuhadithia mwaka mzima. Wakili aliupeleka ukurasa wa daftari kwa mfasiri wao, na baada ya wiki mbili akaniandikia kwa heshima zote: mjomba wako alilalamika kwamba darasa la tatu la sekondari limeoza, tafadhali eleza linahusianaje na ajali. Nilicheka peke yangu stoo mpaka mpishi akaja kuchungulia. Kisha nikalia. Kisha nikachora ngazi, nikavipa vidato namba, nikaituma.

Hiyo ngazi niliyoichora ndiyo iliyomaliza maneno. Kampuni imekubali kwamba ngazi ilikuwa sehemu ya safari waliyomuuzia, kwamba hoteli yao ilishaambiwa, na kwamba mwenye boti alimwonya mgeni na kumwokoa. Wameandika hivyo, kumwokoa. Nimemsomea Bi Mwajuma, safari hii taratibu, neno kwa neno, kisha nikamuuliza ameelewaje. Alisema, "Nimeelewa kwamba wamechelewa." Akaenda kumpa kuku makombo.

Bi Lisbeti naye ameniandikia mwenyewe. Anatembea kwa fimbo. Anasema hakudhani hata siku moja kwamba ulikuwa unakiri kitu. Aliwaambia, lakini walipomuuliza basi maana yake nini, hakuwa na jibu, alijua tu kwamba halikuwa hilo. Anasema pale majini mguu aliacha kuusikia, akawa anaisikia ile sauti nyuma yake, na kila ukisema neno lile alijua bado upo na boti bado haijampata. Nilipofika hapo ilibidi nitoke nje kidogo.

Kwa hiyo nakushukuru, Mjomba. Nakushukuru kwa daftari la kwanza ulilonipa, lenye doa la oili kwenye jalada, ukasema ukipanda boti yangu kwenda shule ng'ambo kila siku, basi na wewe fanya kazi, niandikie maji na upepo. Nilidhani unanipa kazi. Ulikuwa unanifundisha kutazama. Nakushukuru kwa miaka minne ya kunivusha, na mvua zake, na zile siku ulizonisubiri gatini mpaka mtihani uishe, na nyimbo zako mbovu. Nakushukuru kwamba ulinijibu ukweli, ingawa nilikuwa na masikio ya cheti.

Nimebaki na mawili ya kukupa, na leo najua kwamba si kitu kimoja. La kwanza ni samahani. Hiyo ina kosa ndani yake, na kosa ni langu, la kwenye benchi la nyuma ya jiko. La pili ni pole. Pole kwa mgongo. Pole kwa miezi uliyopita njia ya nyuma. Pole kwa kubana mdomo mtu kama wewe.

Ngazi mpya imewekwa, ya mbao ngumu. Vijana wa gatini wanakiita cha tatu "kidato cha Makame", na mgeni akifika hapo humshika mkono hata kama hahitaji. Bi Lisbeti anakuja mwezi wa kwanza mwakani. Ameomba aletwe kwako. Nakuahidi nitakuwepo pale chini mwenyewe, nimesimama majini. Nitamvusha, nitamleta mpaka hapa. Akijikwaa njiani nitampa pole kwa sauti ya kusikika Utende nzima, na atakayetaka kupiga video apige.

Lala salama, Mjomba. Mola akupokee kwa upole kama ule uliompokea nao mgeni wako.

Limebaki jambo moja. Siku ya mwisho, Kilindoni, nilifika wodini nimelowa chapachapa, nimekuja na pikipiki kwenye mvua. Ulifungua macho, ukanitazama nguo, ukasema, "Pole, karani." Halafu ukasema, "Hilo usiliandike."

Sikuliandika. Nimekaa nalo mpaka leo. Lakini sasa hakuna tena wa kukudhuru nalo, kwa hiyo naliandika kama ulivyonifundisha, na siku na maji ya leo ninapoandika: Jumamosi, maji yamejaa. Mjomba alinipa pole. Ndiyo ya kumi na nane.

Karani wako,
Hadia