Kibao Chini ya Kiganja cha Mwalimu

Jumapili, 6 Septemba 1998

Kompyuta imefika! Binti yetu Nyanchera ameituma kutoka Amerika kwa mkono wa mchungaji aliyekuwa ziarani huko. Imekuja imeviringishwa ndani ya sweta mbili kama mtoto mchanga. Si mpya, walikuwa wanazitoa kazini kwake. Inafunguka kama kitabu. Mwalimu aliiweka mezani, akaizunguka, akaizunguka tena.

Hata humu daftarini siwezi kumwita mume wangu kwa jina lake, Masese. Tangu anioe ni Mwalimu tu.

Mkono wa kulia umezidi kutetemeka. Daktari alishasema ni mishipa ya fahamu, dawa zitapunguza lakini hazitaondoa. Na ule mwandiko wake! Walimu wenzake waliuacha ubaoni toka Ijumaa hadi Jumatatu, kila mmoja anaona vibaya kuufuta. Sasa akiandika jina lake ni kama kuku kapita kwenye majivu. Amestaafu, lakini watu bado humletea karatasi wakimwomba awaandikie. Huwaambia kalamu imeisha wino.

Leo alibonyeza herufi M. Kidole kilitetemeka njia nzima hadi kufika. Ikatoka M — imenyooka, safi kabisa. Akanitazama. Nilikwenda jikoni kuangalia chai, na wala sikuwa nimeinjika chai.

Jumanne, 8 Septemba

Anaandika maisha yake. Ni kwa ajili ya Mokeira, mtoto wa Nyanchera, aliyezaliwa hukohuko na hajawahi kukanyaga hapa kwetu Nyanchwa. Anaandika kwa Ekegusii, lugha yetu, mamake atamsomea. Anataka amalize mapema. Mapema kabla ya nini, hakusema.

Lakini kuna shida. Chini ya herufi pana kibao kidogo, laini, cha kijivu. Ukipitisha kidole juu yake, mshale unatembea kwenye kioo. Ukikigonga kidogo, ni kama umebonyeza. Sasa kiganja cha Mwalimu ndipo kinapolala — na hakilali, kinagonga! Anaandika jina la babake, nusu inabaki mahali pake, nusu inarukia juu kwenye kichwa cha habari. Anafuta. Anaanza upya. Linaruka tena.

Alidhani ni kichwa chake kinachochanganyikiwa. Aliniambia hivyo, polepole, hanitazami. Nikakaa karibu nikamchungulia mkono. Si kichwa, nikamwambia. Ni kile kibao.

Alishusha pumzi. Nadhani alikuwa anaogopa tangu jana.

Alhamisi, 10 Septemba

Nyasae, Mungu wangu! Sura yote ya utoto imepotea.

Alikuwa ameandika tangu asubuhi — mamake, ng'ombe, mto, siku aliyopelekwa shule akiwa amevaa shati la kakake. Mkono ukagonga na kuburuta, maneno yote yakashikwa kwa pamoja, yakafunikwa na weusi. Kabla hajajua yamekuwaje alibonyeza herufi nyingine. Ikabaki hiyo moja kwenye ukurasa mweupe. Naye kwa vile Nyanchera alimsisitiza kwenye simu, hifadhi, Baba, hifadhi kila saa — akahifadhi! Akazima.

Nimemkuta amekaa na mikono yote miwili ameifungia katikati ya magoti. Nilipomgusa bega alisema, "Mama Nyanchera, niache kidogo."

Nimemwacha. Nimekaa upande wa pili wa mlango.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimepata dawa! Nimekata boksi la sabuni, nikalikunja mara mbili, nikalibandika juu ya kibao kwa plasta ya kidonda. Nikagonga juu yake — kimya. Mshale hauendi popote. Nikamwita kwa furaha.

Alilitazama. Kisha akasema, "Umenivalisha bibu."

Nikamwambia si bibu, ni boksi. Akasema mtoto anayejimwagia uji ndiye anayewekewa kitu kifuani, na yeye hajafika hapo. Akabandua. Plasta ikatoka na rangi kidogo ya kompyuta.

Jua limezama, Sabato imeingia, tumeifunika kompyuta kwa kitambaa. Tumeimba. Sauti yake haitetemeki hata kidogo. Nimemsikiliza yeye zaidi ya wimbo — Mungu anisamehe.

Jumatatu, 14 Septemba

Tumekwenda mjini, kwa Bharti. Ana duka la kupiga picha, na siku hizi ameongeza kompyuta za kuchapia watu barua. Mwalimu alimfundisha darasa la sita. Njiani alinionya nisiseme habari ya mkono. Niseme tu kompyuta ina hitilafu.

Bharti hakuuliza. Alimpa kiti, akasema, "Mwalimu, hebu andika kidogo nione inavyofanya." Akaandika. Maneno yakaruka. Nilimwona Bharti akiuona mkono, kisha akigeuza macho.

"Hivi vibao ni vikali sana," akasema. "Hata mimi vinanisumbua. Vinahesabu kila mguso."

Sijui kama ni kweli vinamsumbua. Nampenda kwa kusema hivyo.

Akafungua mahali pa kupangia mambo ya kompyuta, akatafuta, akatafuta, akapata picha ya kibao chenyewe. Akatuonyesha: hapa ukitoa alama, kugonga hakutahesabiwa tena. Ukitaka kubonyeza utabonyeza kile kitufe cha chini kwa makusudi. Mshale utatembea bado, lakini kutembea tu hakumwagi kitu.

"Kwa hiyo hukizimi?" Mwalimu akauliza.

"Kukizima naweza, Mwalimu. Lakini ukikizima mshale nao unakufa, mpaka ununue mausi, ile ya kusogeza kwa mkono mezani. Tuanze na hii."

"Tuanze na hii," akasema. Uso ulifunguka. Kibao kinabaki chake, hajavuliwa kitu.

Kurudi alitaka tupande mlima kwa miguu. Tukapanda. Alinishika mkono kwa ule unaotetemeka — kwa kawaida hunipa wa kushoto.

Jumatano, 30 Septemba

Anaandika. Mvua. Anaandika.

Sura ya utoto imerudi. Anasema ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, safari hii amemkumbuka na ng'ombe mweupe.

Jumapili, 18 Oktoba

Ndugu yake Manasseh alipita kutoka Keroka. Mwalimu akamsomea kisa cha siku walipoiba miwa wakakimbizwa na mbwa. Walicheka hadi Manasseh akafuta machozi kwa kofia. Kisha akauliza nani amemchapia vizuri hivi. "Mimi," Mwalimu akasema. Mimi! Alivyolitamka!

Jumapili, 15 Novemba

Sikutaka kuandika leo lakini niandike.

Mkono umebadilika. Sasa si kugonga tu, unakandamiza. Kidole gumba kinaangukia kile kitufe cha chini na kukibonyeza kweli, na kompyuta haijui kwamba hakuwa anataka. Itajuaje? Maneno yameanza kuruka tena. Jana jioni baada ya Sabato alipoteza aya nzima, leo nyingine. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Baada ya chakula aliniita. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake.

"Mama Nyanchera," akasema, "kizimwe chote."

"Kibao?"

"Kibao na kitufe. Chote. Nataka nibaki na herufi tu, hizo bado zinanisikia."

Nikamkumbusha kwamba mshale utakufa. Akasema anajua. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza na kioo, "Mausi utashika wewe."

Nikaitikia.

Jumanne, 17 Novemba

Bharti amekizima. Ilikuwa kazi ndogo mno — akabonyeza mahali, akauliza kama tuna hakika, Mwalimu akasema tuna hakika. Basi. Bharti akapitisha kidole juu ya kibao, mshale haukutikisika. Kisha akachomeka mausi nyuma, ya waya, rangi ya maziwa. Akatueleza kwamba tukitaka kibao kirudi, kwa mausi hiyohiyo tutafika palepale tukirudishe. Hakuna kilichoharibika, akasema, kimepumzishwa.

Mwalimu alitaka kuijaribu mausi mwenyewe kwanza. Mshale ulikimbia kila upande kama nzi dirishani. Akacheka kidogo. Akanisogezea.

Alhamisi, 19 Novemba

Naandika haya pembeni ya meza. Mwalimu ametulia, anawaza, na mimi nimeshika kalamu huku, mausi kule.

Tumefanya kazi tangu asubuhi. Kiganja chake kinalala pale kwenye kibao, kinatetemeka kinavyotaka, na hakuna neno linaloruka. Akikosea ananiambia: juu, kulia kidogo, umepita — hapo. Nabonyeza. Anaendelea. Mara mbili tumegombana. Anasema mimi naharakisha, nami nasema yeye anaelekeza kama askari wa barabarani.

Sasa amefika mwaka aliotumwa kufundisha upande wa Itumbe. Naujua mwaka huo, nilikuwepo. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akichuma majani ya chai shambani kwa babake, kikapu mgongoni, hajui kwamba anatazamwa. Ameandika mistari michache kisha akakoma. Akaweka mkono wake juu ya wangu, juu ya mausi. Mshale ukaanza kucheza kwenye kioo, sote wawili tunautikisa.

"Hapa usiangalie," akasema.

"Nisipoangalia, mshale nitausogeza vipi?"

Anawaza. Mkono hajautoa, na mwandiko wangu nao sasa unatetemeka.